Koo Lililokaribia Kukuchukua

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Leo nimefua shuka zako nikazianika, ingawa najua hurudi hapa Kaptembwo mpaka mwisho wa mwezi. Nilipokuwa nikizikamua nikakumbuka vile ulivyozilowanisha kwa jasho mwaka jana.

Lilianza kama koo la kawaida. Ulishindwa kumeza chapati, ukanywa dawa za maumivu, na baada ya siku chache ukasema umepata nafuu. Ukarudi hata mazoezi ya kwaya. Kisha Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, ukaanza kutetemeka hadi meno yakagongana. Uliniambia, "Mum, shingo inauma upande huu tu, na nikipumua kifua kinachoma." Nilipogusa chini ya taya lako palikuwa pagumu, pa moto. Baba yako aliacha chai mezani akakimbia kuita tuktuk.

Hospitalini, daktari alikuuliza kila kitu tangu siku ya kwanza koo lilipouma, akaagiza upigwe picha ya shingo na kifua. Aliporudi aliketi kando yangu. Alinieleza kwamba hutokea kwa nadra sana, lakini viini vya ugonjwa vilikuwa vimetoka kooni vikaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, damu ikaganda humo, na vipande vyake vilikuwa vimefika mapafuni.

"Mama, hii inaweza kuua," alisema. "Lakini mmemleta tukiwa bado na nafasi."

Unakumbuka ulichoniuliza ukiwa na ile mipira ya oksijeni puani? Uliuliza kama utapona. Nilitaka kukudanganya, nikashindwa. "Sijui," nikasema. "Lakini mimi sitoki hapa." Ulifumba macho, ukanishika kidole kama ulivyofanya ulipokuwa mchanga.

Wiki baada ya wiki dawa ilipitia kwenye mshipa wa mkono wako. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Siku ulipolalamika kwamba uji wa wodi ni maji matupu, ukamwagiza baba yako ugali na omena, nilitoka nje nikalia kwa furaha. Mlinzi akadhani nimefiwa, akanipa pole. Nikaipokea tu.

Sasa uko kazini Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, na katika picha uliyotuma umevaa kofia ngumu, mvuke unapanda nyuma yako. Huku majirani hunijia watoto wao wakiumwa koo. Mimi huwaambia makoo mengi hupona, ila homa ikirudi, shingo ikivimba au kupumua kukiwa kazi, wasingoje nyumbani.

Nawe nimekuwa nikikupigia kila asubuhi kukuuliza habari za koo. Juzi ulicheka, ukasema, "Mum, niulize kitu kingine." Nilikata simu bila swali lolote kichwani. Sasa ninayo mengi. Chumba chako kinaingiza jua? Jioni unakula na nani? Yuko mtu huko anayekuchekesha? Niambie yote pole pole, hata ya huyo mtu.

Ni mimi ninayekungoja mwisho wa mwezi,
Mama yako