Boliti Iliyolia

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Huyo fundi uliyekwenda kumwita mpe kikombe, umuombe radhi, arudi zake.

Asubuhi ulisema boliti za supachaja, hiyo pampu yako ya kusukuma hewa kwenye injini ya gari, hukazwa mpaka zilie. Moja ililia kweli, ikakatikia ndani ya injini, nawe ukatoka umenuna. Binti yako hakununa. Alichomelea nati kwenye kipande kilichobaki, akaacha vipoe, akatia oili, akazungusha polepole mpaka kikatoka. Boliti mpya ameikaza kwa spana ya kipimo, bila kilio.

Mimi naye tumekwenda kazini na gari. Linavuta ~~kuliko ulivyolitengeneza wewe~~ vizuri.

Kipande kiko kwenye kisosi chako. Usikitupe, nataka shangazi zake wakione.

~~Mkeo~~
Mama Fundi