Hakuna almasi kwa shamba letu, na mimi nimeshukuru

Jumamosi. Mawingu yamekalia kilima tangu asubuhi na hewa inanukia udongo.

Shajara yangu, hujambo? Mimi nilitoka shule darasa la tano, na kitu nilichofundishwa kuandika ni barua tu. Barua bila salamu ni kama kuingia kwa watu bila kupiga hodi. Kwa hivyo salamu kwanza. Baba Mwende ni mzima, amelala kwa kiti cha nje, kofia usoni, na ni mara ya kwanza wiki hii kumwona amelala. Susu, mama yake, ni mzima, ni magoti tu yanamsumbua na baridi hii. Ndinda, kitindamimba wangu, ni mzima, ndiye amenionyesha tena mahali pa kubonyeza. Ng'ombe ni mzima. Kuku mmoja alibebwa na mwewe lakini wengine wako. Na wewe Mwende wangu, uliye Tanzania upande wa Shinyanga ukisomea mawe, wewe ndiwe ulinifungulia hii blogu ukasema, "Mama, yale unaongea peke yako jikoni, yaandike hapa." Najua utasoma. Hujambo, mwana wakwa? Unakula?

Sisi hatujambo. Leo naandika hivyo bila kudanganya.

Wiki hii yote sikuwa sawa. Ilianza na ile mvua kidogo iliyonyesha ghafla ikaosha mitaro ya shamba, ikaacha vile vijiwe vyekundu ambavyo nyinyi mlikuwa mnachezea mkiwa wadogo. Bwana mmoja wa Kyumbi, mwenye shati la mifuko mingi, alikuwa anapita kutafuta mbuzi wa kununua. Akaokota kimoja, akakiangalia kwa jua, akamwambia Baba Mwende, "Mzee, hivi hutembea na almasi. Ukiona hivi juu, chini kuna mali."

Basi. Mbuzi wakasahaulika.

Akasema Jumatatu ataleta tingatinga, Baba Mwende aweke sahihi tu, na wataanzia juu kabisa ya shamba. Juu ndiko kuna matuta. Wewe unajua matuta yale. Tuliyachimba na mwethya, wanawake wa kilima hiki chote, leo kwangu, kesho kwa Mama Kilonzo, keshokutwa kwa mwingine, na majembe na nyimbo. Kila tuta lina mgongo wa mwanamke ninayemjua kwa jina. Na mvua yenyewe iko mlangoni. Ukipasua pale juu sasa, udongo wote unaenda mtoni na maharagwe yanaufuata.

Nilimwambia Baba Mwende hivyo. Akaniangalia kama mtu anayenionea huruma. "Mama Mwende, unalilia mchanga na umekalia almasi?"

Sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Usiku alikuwa anaongea juu ya nyumba ya mawe, halafu anarudi kwa magoti ya Susu, vile atampeleka kwa daktari mkubwa ayatengeneze. Ungemkasirikia namna gani mtu anayeota hivyo?

Kisimani Mama Kilonzo naye akanianza mbele ya watu. "Mama Almasi! Ukihamia ghorofa, utatupungia mkono kutoka dirishani ama utamtuma mtu atupungie?" Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha mtungi. Mimi nikacheka pia. Lakini nilipofika nyumbani sahani yangu ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nilimpa Ndinda.

Wenzangu huomba utajiri. Mimi niliomba tukose.

Ndipo Alhamisi nikakupigia. Wacha niandike vile ulisema, na kama nimekosea utanirekebisha. Ulisema almasi haizaliwi ndani ya ule uji wa mawe ya moto. Inazaliwa chini sana, mbali kama kutoka hapa mpaka Mtito Andei, safari ya basi ya saa tatu, lakini kwenda chini, mahali dunia inafinya kile kitu kilicho ndani ya makaa mpaka kinakuwa almasi. Inakaa huko miaka ambayo hesabu yake ilinipita. Halafu uji wa mawe unapanda kutoka huko chini, umejaa gesi kama soda iliyotikiswa, unapasua njia yake na kubeba almasi kama abiria. Unapanda haraka, pengine kwa saa chache tu. Ukipanda polepole almasi inaharibika, inageuka kitu cheusi kama kilicho ndani ya penseli. Nikasema, kumbe hata almasi haitaki moto mdogo. Ukacheka. Nilikuwa nimekosa hicho kicheko.

Ukasema almasi inataka nchi yenye mzizi mnene, wa zamani sana, uliopoa. Huko Shinyanga mzizi upo. Huku kwetu ardhi ilikandwa, nchi zilisukumana zamani, mawe yetu yakakunjwa na kupashwa moto upya kama chapati. Nikauliza, na ile safu ya mawe ya Yatta, nyeusi, ndefu namna ile, si ni mawe ya moto pia? Ukasema ni ya moto kweli, lakini ilitoka karibu zaidi, ikatambaa kama uji uliofurika sufuria. Haikuanzia kule chini waliko abiria.

Na vile vijiwe vinaitwa ganeti. Yule bwana hakudanganya yote. Ziko ganeti zinazopanda na almasi, na wataalamu huzifuata. Lakini ganeti ni ukoo mkubwa, ulisema, nyingine zimezaliwa huko chini na nyingine zimezaliwa huku juu mawe yalipokandwa. Nikakuuliza sasa nitajuaje zetu ni watoto wa nani. Ulikuwa umeshaangalia picha ambazo Ndinda alikutumia za vijiwe na nyumba, ukasema, "Mama, mwagia maji lile jiwe la mlango wa jikoni. Mwite Baba aone."

Jiwe la kukanyagia! Lile alilivuta Baba Mwende mwenyewe na ng'ombe kutoka juu ya shamba, tulipojenga.

Nilimwaga ndoo nzima. Matope yakatoka, mistari ikaonekana, ya kijivu na nyeupe imepindana, na katikati ya mistari, aiya, vijiwe vyekundu vimekwama kama maharagwe kwenye muthokoi. Vimezaliwa humo humo. Hakuna aliyevileta.

Baba Mwende alichuchumaa pale muda mrefu. Akajaribu kubandua kimoja kwa ukucha, kikakataa. Nilimwogopa kidogo. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikaona ni kicheko. "Kumbe miaka yote hii nafutia matope kwa mali."

Akampigia yule bwana, nikiwa nasikia. "Usilete tingatinga. Mawe ni ya hapa hapa, hayajui almasi." Yule akalalamika sana. Baba Mwende akamwambia, "Basi njoo na jembe. Mwethya iko kwetu Jumanne."

Jioni kila mara aliangalia miguu ya mama yake, na nilijua ni yale magoti. Susu pia alijua. Akasema kutoka kwa kona yake, "Nani alikwambia magoti yangu yanataka almasi? Yanataka kuchuliwa." Basi akamchua. Mimi nikala sahani mbili.

Sasa nimebaki na kitu kimoja tu. Ulisema Jumatatu mtashuka kwenye shimo la mgodi, ndani ya ile njia yenyewe moto ulipitia. Ulinieleza iliganda kabla hakujakuwa na mtu duniani, na imepoa kabisa. Nimesikia. Nimeamini. Lakini kitu kilichotoka mbali vile kwa saa chache, bila hodi, mimi mama yako nitakiamini mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Ukitoka shimoni, hata kabla ya kunawa mikono, niandikie neno moja tu: nimetoka. Nitakuwa nimesimama juu ya jiwe la jikoni, hapo ndipo mtandao hushika. Usikawie.