Turbo ya kumpeleka mama Kabanga

Eva weee, Herieth kaumbuka leo!

Tuko yadi ya magari hapa Kasulu na mumewe Nickson. Gari mbili za familia, zote zinavuta matairi manne. Moja injini ndogo, moja turbo, yenye nguvu ya kupanda.

Herieth anataka turbo. Mamake anaenda hospitali Kabanga kila wiki, na ule mlima wa njiani mvua hizi ni utelezi mtupu.

Nickson mbele ya muuzaji: "Turbo inakula mafuta. Na mama mwenyewe kabakiza miezi mingapi?"

Miezi mingapi, Eva!! Na mama yuko kiti cha nyuma cha hiyo turbo, anaijaribu, kioo wazi!

Tangu harusi mama hajawahi kumsemesha mkwewe, kwa heshima. Leo kamsemesha:

"Baba, chukua hiyo ndogo. Ila siku ya kunizika usinipakie humo, nisije nikakumalizia mafuta."