Gari Lililong'arishwa Nusu

Nyumbani kwa Mama,
Uani, penye bomba.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua, au wamekupa kiti cha maana huko kazini? Sisi wazima. Mama miguu inamuuma asubuhi, lakini mdomo hauna shida hata kidogo, nawe unamjua.

Barua yako niliipata. Uliandika kwamba uwanja huu ni wako, na mwisho wa mwezi utampa muuza saruji aufanye ghala, kwa kuwa kuosha magari si kazi ya mtu mzima. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Sasa hasira zimeisha, na la kujibu ninalo.

Kwanza, siku hizi sioshi tu. Gari likishaoshwa navaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, nafumba macho, napapasa rangi. Kupitia ule mfuko, vidole vinasikia hata punje ya vumbi la breki iliyong'ang'ania. Nikishaziondoa zote, ndipo nawasha mashine ya kung'arishia. Mwanzoni majirani walidhani nayaombea magari.

Ndani ya gari ni himaya ya shemeji yako. Viti, mazulia, hata matundu ya kupitishia hewa anayasugua kwa mswaki. Yule bwana kwake gari ni viti. Bati la nje halimhusu.

Sasa sikia. Muuza magari wa barabara kuu, tunayemwita Bosi Miwani, alituletea gari moja jeusi la majaribio. Tukimridhisha, magari yake yote yangekuja kwetu. Tukiharibu, basi, ningekusanya ndoo zangu nimpishe muuza saruji wako.

Nina kawaida ya kubandika utepe katikati ya gari na kung'arisha upande mmoja kwanza, nione dawa inavyoelewana na rangi. Nilikuwa nimemaliza upande huo, kuanzia boneti mpaka buti, shemeji yako naye akamaliza viti vyake. Akampigia Bosi Miwani simu kwamba gari liko tayari. Hata macho hakuinua kutazama nje. Kaka, nilikosa hata tusi la kumpa.

Bosi akafika dakika kumi baadaye. Upande mmoja unajiona mpaka kope, upande wa pili umechakaa kama sufuria ya shule. Akalizunguka mara tatu. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Upande ule usiuguse," akasema. "Nalichukua hivihivi."

Akaliegesha mbele ya duka lake na utepe wake katikati. Watu wakawa wanasimama, wanashika huku na huku, wanauliza kazi ya nani. Tangu hapo uani hapakauki. Yanakuja yake yote, yanakuja ya madereva wa teksi, ya daktari wa meno, hata ya watu ambao mwaka jana walinipita bila salamu. Nimeajiri wanawake wawili na faida inaonekana. Najivuna, sikufichi. Na Mama, aliyekuwa akiwaambia watu eti nafanya "kazi za maji", sasa anakaa langoni kutwa akiwapanga wateja foleni, na wanamtii.

Jambo la mwisho. Bosi Miwani amenipa eneo nyuma ya duka lake, lina paa na maji, wala hataki kodi. Kwa hiyo uwanja wako sikuombi tena, hata kesho mpe muuza saruji. Nakuuliza tu, kama ndugu wa tumbo moja: nimwondolee Mama wateja wake, au nibaki?

Msalimie sana wifi, na wapwa zangu uwakumbatie mmoja mmoja. Shemeji yako anakusalimu kutoka ndani ya gari la mtu. Mungu akuzidishie afya na riziki.

Nakupenda, hata ukinikasirisha,
Mdogo wako wa uani.