Nani Alimhamisha Rodell

St. Louis, Missouri
Jumanne, 4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahili mama, hata mama anayemkatia mwanawe simu. Vipi goti lako na baridi hii? Presha imetulia? Shemasi Tolliver ameniambia kwamba Jumapili iliyopita uliimba peke yako mbele ya kanisa zima na hukukohoa hata kidogo, nami nikafurahi. Ameniambia pia kwamba siku hizi yeye ndiye anayekalia kiti changu mezani kwako baada ya ibada, na kwamba kuku wako wa kukaanga hajapungua utamu. Hilo la kiti sikulifurahia, ila nimelipokea.

Mimi ni mzima. Nakula, ingawa Jumapili huwa ni chakula cha kopo. Kaka Rodell naye ni mzima kabisa, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Naandika kwa kuwa simu imeshindikana. Kila nikipiga unaniuliza swali lilelile, nani alimtoa mwanao mkubwa katika mji huu, na kabla sijafungua mdomo unajijibu mwenyewe kwamba ni mimi, kisha unakata. Nasikia umewaeleza wanakwaya kwamba nimemuuza ndugu yangu kama Yusufu alivyouzwa na kaka zake. Mama, kaka zake Yusufu angalau walilipwa. Mimi sikupewa hata siku ya mapumziko. Barua unaweza kuichana, lakini nakufahamu: hutaichana kabla ya kuisoma. Kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Kazi yangu umekuwa ukiieleza kanisani kwamba ni "mambo ya mpira". Wacha nikupe maneno mengine. Ligi yetu ya mpira wa kikapu imeweka kikomo cha mishahara ili matajiri wachache wasije wakanunua wachezaji wote wazuri. Timu yetu ilishakipita kikomo hicho zamani. Timu iliyokipita ikimtaka mchezaji wa wenzake, wale inaowatoa lazima mishahara yao ikijumlishwa ifikie wa yule anayekuja. Ndiyo maana mara nyingine mtu anahamishwa bila kosa lolote, hakukosa mpira wala mazoezi, ila mshahara wake tu umetosha kuziba pengo. Mimi ndiye ninayetafuta watu wa kuziba mapengo. Si kazi ya kutolea ushuhuda madhabahuni, lakini inalipa kodi ya nyumba.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe, ile siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji. Bwana Kessler, meneja wetu mkuu, alikuwa anamtaka Brankov wa timu ya Tacoma, kule pwani ya magharibi. Unamjua, yule mrefu uliyesema anacheza kama mtu anayeogopa kuvunja vyombo vya mwenyewe. Tacoma walishakubali. Tulikuwa tunawapa vijana wawili, lakini mishahara yao haikufikia wa Brankov. Ilibaki kuongeza mtu mmoja, na saa zilikuwa zinakimbia.

Chumbani kwetu kuna ubao wa chuma. Kila mchezaji ana kibao chake chenye sumaku, jina juu, mshahara chini. Katika mashauriano hatutaji majina. Tunasema toa ule mkataba wa juu, leta ule wa pembeni. Nilipoajiriwa niliona ni ukatili, baadaye nikaelewa kwamba ni adabu tu ya kazi: kibao bila jina ni rahisi kukishika. Siku hiyo adabu yenyewe ilitushinda. Kila aliyekuwamo aliona kwamba mshahara uliokuwa unatosha ni mmoja tu, na kibao chake kiko pale chini, kina jina la ukoo wetu. Hakuna aliyekigusa. Bwana Kessler akasema anakwenda kutafuta kahawa, na kikombe alichoshika kilikuwa kimejaa. Msaidizi wake akasimama mlangoni kusoma maelekezo ya nini cha kufanya moto ukitokea. Mimi niliendelea kubonyeza kikokotoo nikitafuta njia nyingine, na nilijua haipo.

Hapa nakuomba uvae miwani vizuri. Kuna kanuni ambayo watangazaji wa michezo redioni hawaitaji, kwa sababu ingewaharibia hasira. Mchezaji aliyebaki na timu yake kwa mkataba wa mwaka mmoja, kama Rodell alivyosaini kiangazi kilichopita, hahamishwi bila idhini yake mwenyewe. Akisema hapana, basi ni hapana, hata Kessler apige magoti na mwenye timu aangue kilio.

Basi nilitoka kwenda kunawa uso, nikamkuta Rodell kwenye jiko dogo la ofisi yetu, ghorofa ambayo wachezaji hawapandi. Magoti yamefungwa barafu, mkononi ana donati ya mtu mwingine. Akaniuliza mbona jina lake halitajwi mle ndani. Nikamjibu kwamba ya mle ndani siruhusiwi kuyatoa nje. Akacheka mpaka sukari ikamdondokea kifuani. Akasema, "Bwana mdogo, mimi niko ligi hii tangu wewe unatumbua chunusi. Brankov analipwa nini najua, mnawatoa akina nani najua, na kujumlisha nilifundishwa na mama yuleyule aliyekufundisha wewe. Kaliweke jina langu ubaoni."

Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Nikamwambia Tacoma anaweza kukalia benchi mpaka msimu uishe. Nikamwambia hapa watu husimama akiingia uwanjani hata kama tumeshafungwa na wengine wanatafuta funguo za gari. Nikamwambia mama yuko hapa. Akasema yote hayo anayajua, na sababu anayo, atanieleza tukimaliza. Alitaka ionekane kwamba ofisi ndiyo iliyoamua. Mchezaji akiomba kuondoka, habari huvuja kabla hajafika kwenye gari lake, na alikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka aisikie redioni. Akaniomba nisikwambie lolote mpaka akwambie yeye mwenyewe. Nikamwambia nitaonekana mbaya. Akasema, "Nyie ofisi nzima mnaonekana wabaya kila siku, leo kuna jipya gani?"

Nikarudi, nikakichukua kibao chake, nikakipeleka upande wa Tacoma. Kwa hiyo katika hilo hukukosea, mkono ulikuwa wangu. Kessler alinitazama kama mtu aliyenusurika ajali, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia apige simu aombe idhini. Akapiga. Rodell akaitoa akiwa bado anatafuna.

Yaliyofuata unayajua, mengine umeyafanya wewe. Mwenye duka la mbavu za kuchoma hapa mtaani sasa ananipimia mifupa. Jirani yangu alininunia wiki nzima, kisha Brankov akacheza vizuri siku ya Ijumaa akanisalimia. Hayo hayakunigusa. Lako liliniuma, Mama. Nilikuwa nakaa nyumbani Jumapili mchana na majibu yote ninayo, nakasirika, halafu naona haya kukukasirikia, halafu nakasirika tena.

Rodell alijaribu kutimiza ahadi yake. Alikupigia si mara moja. Anasema kila akikupigia unaanza na mimi, ukishanimaliza mimi unahamia kwa Charisse bila kuulizwa, na yeye anameza alichotaka kusema, anakuuliza hali ya hewa.

Naam, ni huko ninakoelekea. Charisse, uliyekuwa ukimwita mkwe kabla hujaanza kumwita "yule nesi", anaishi Tacoma tangu waachane. Noelle yuko naye. Mjukuu wako meno yake ya mbele yameng'oka na kuota mengine, na baba yake ameyaona yote hayo kwenye simu. Kwa mwaka mzima sasa Rodell na Charisse wamekuwa wakizungumza, mwanzoni habari za mtoto, baadaye habari zao. Alipoona Tacoma wanamtoa Brankov na pengo ni la kiasi chake, aliona mlango umefunguka, akapanda ngazi na magoti yake mabovu kuja kunitafuta.

Nilimuuliza kwa nini asingemrudisha Charisse hapa. Nyumba anayo, mji anaupenda, na mji unampenda. Akanikumbusha ile Pasaka. Charisse alileta makaroni ya jibini aliyopika kwa mkono wake, akayaweka mezani katikati ya vyakula vyako. Uliyaonja kwa ncha ya uma, ukaliinua bakuli mbele ya mama yake mzazi na wageni wote, ukalipeleka kibaraza cha nyuma, ukarudi ukasema, "Hapa hatujalaza mgonjwa. Chakula cha hospitali kikae nje." Watu walicheka. Charisse alilifuata bakuli lake, akaondoka nalo, na jioni ukatangaza kwamba kizingiti chako hatakikanyaga tena. Rodell alikaa kimya siku ile, akaendelea kula, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Sisemi ndoa ilivunjwa na makaroni. Walikuwa na yao. Lakini aliniambia hawezi kumwomba mwanamke arudi kwenye mji ambao kila Jumapili atabaki ndani ya gari wakati mumewe na mtoto wanakula.

Umeniuliza kwa mwezi mzima nani alimhamisha Rodell. Si Kessler. Si kikomo cha mishahara. Si mimi. Ni wewe, Mama.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka, nikazunguka chumba, nikarudi, na sijaifuta. Sikuiandika ili kukulipizia kiti. Nimeiandika kwa sababu nakupenda, na kwa sababu watu wote wanaokuzunguka wanakuogopa, na mimi pia nakuogopa, ila leo niko mbali na mkono wako.

Kuna moja limebaki, nalo ni zito zaidi. Ijumaa iliyopita Rodell na Charisse walifunga ndoa tena, mahakamani, Tacoma. Niliposema kwamba niko safarini kikazi, nilikuwa nimesimama karibu yao kama shahidi. Noelle alishika maua na kuyanyofoa yote kabla hakimu hajamaliza kusoma. Hakimu alipouliza kama kuna wazazi, Rodell alitazama mlangoni, ingawa alijua hakumwalika mtu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alishika simu kukupigia, akaiweka. Asubuhi akaniambia, "Mwandikie wewe. Mimi nikisikia sauti yake narudi kuwa na miaka saba." Hivyo ahadi yangu ya kunyamaza imekwisha, na kwa kweli ilikuwa imenichosha.

Baada ya ndoa tulikula kwao. Charisse alinipakulia bila maneno mengi, unajua alivyo. Nilipokuwa navaa koti alinifuata mpaka mlangoni. Akaniuliza kama asubuhi bado unakunywa kahawa nyeusi na tosti iliyoungua kidogo pembeni, au daktari alikukataza. Nikamwambia sidhani kama utakubali kuja. Akasema hilo hakuniuliza, ameuliza kahawa.

Nikamwambia bado unakunywa. Kama nilikosea, mwambie mwenyewe. Namba yake ni ileile.

Nisalimie Shemasi Tolliver na wanakwaya wote, hasa wale uliowasimulia habari za Yusufu. Jifunike vizuri, dawa za presha usiziruke, na Mungu akutunze.

Ni mimi mwanao mdogo,
Vernon Pettiford