Mbele Kunapendeza

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Ufa wa ukuta wa nyuma umefika darini. Nimemwita fundi Lefteris. Akagonga kwa nyundo, akatega sikio, akagonga tena. Nani alipiga lipu ya saruji hapa? Marehemu mume wangu, nikamjibu. Sikumwambia aliyekoroga saruji ni mimi. Mwaka 1979, binti yetu Tsambika ana miezi minne. Tulitaka tuje kumkabidhi nyumba kavu. Hapa Symi, kama visiwa vingine vya Ugiriki, nyumba ni ya binti wa kwanza — bibi alimpa mama, mama akanipa mimi.

Mbele hatukugusa. Mbele serikali inakagua: chokaa, rangi ya haradali, ile pembetatu ya juu kama ya hekalu. Nyuma nani anaangalia?

Alhamisi, 10 Oktoba

Lefteris amebandua kipande. Jiwe linatoka maji. Miaka arobaini! Anasema chokaa hupumua, saruji huziba. Unyevu umekosa pa kutokea, umeula ukuta kwa ndani. "Mama Sevasti, huu umesimama kwa mazoea tu." Nikacheka. Kisha nikaingia jikoni nikalia.

Jumapili, 13 Oktoba

Tsambika kapiga simu kutoka Melbourne. Ameacha kazi. Anarudi moja kwa moja, yeye na mwanawe, Krismasi watakuwa hapa. "Nimechoka na nyumba za kupanga, mama. Nataka kwangu." Nikamwambia karibu mwanangu, nyumba inakungoja. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua tangu jana, na upepo wa kusini. Amekuja mhandisi wa manispaa. Kaagiza nitoke leo hii. Mbele pasiguswe, ni urithi wa taifa. Nyuma nitajua mwenyewe. Nimehamia kwa jirani Fotini na begi moja.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nyuma kumeporomoka. Saa nne asubuhi, nipo kwa Fotini nachambua dengu. Ukuta kwanza, paa likafuata, likashuka na sakafu ya juu. Chumba cha Tsambika kilikuwa juu. Mbele pamesimama vilevile, pembetatu na yote, hata rangi haikubanduka. Ni mimi niliyeiua hii nyumba, kwa mikono yangu, kwa mapenzi. Majuto ni mjukuu, na wangu yuko njiani.

Mchana ujumbe wa Tsambika: mama, nipigie picha ya nyumba, nimwonyeshe mtoto.

Nikashuka ngazi nne za njia, nikageuka. Mawingu yanaonekana kupitia madirisha. Nikapanda tena, nikafunga mbao za madirisha ya chini. Ya juu Lefteris, aliyekuja kuona kifusi, aliyasukuma kwa mti yakafungika, bila kunitazama. Nikapiga picha, nikatuma.

Amejibu: ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka.

Sasa anapiga simu ya video. Anataka kumwonyesha mtoto chumba chao. Fotini anasema pokea, useme kweli. Lefteris anasema acha kwanza, Mama Sevasti, acha. Imekatika. Inaita tena. Naandika ili mikono iwe na kazi