Kwa Nini Sikushuka Perth

S.L.P. 614,
Kempton Park, Johannesburg.
11 Februari 2018

Mpendwa Mama Mdogo Goitsemang,

Pokea salamu zangu za asubuhi, hata kama zitakukuta jioni. U hali gani huko? Miguu inaendeleaje, na kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima wa mwili. Mjomba Sello naye ni mzima, ila magoti yanamsumbua na hataki kusikia habari ya mkongojo. Anasema mkongojo ni wa wazee, naye ana miaka themanini na mmoja.

Nyumba yako ya Lomanyaneng ipo. Niliipitia mwezi uliopita, nikafungua madirisha na kufagia uwanja. Mwaka huu tumejaliwa mvua, mboga zimejiotea zenyewe mpaka kizingitini. Nilichuma, nikapika, nikala na uji mchachu peke yangu jikoni mwako. Vilikuwa vitamu.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Oratile aliniandikia kwamba siku ile niliyokuwa nije ulikaa uwanja wa ndege wa Perth tangu mapema, umejifunga kile kitambaa chako cha buluu kichwani, ukawatazama abiria mpaka wa mwisho. Wahudumu walipotoka na mabegi yao ukawaangalia usoni mmoja mmoja. Najua yeye alikwambia kwamba kazini walinikatalia, na alisema hivyo kwa kunisitiri. Si kweli, Mama Mdogo. Nafasi niliipata, nami mwenyewe nikaiachia. Nataka ulisikie kutoka kwangu.

Tangu uhamie kwa binti yako Oratile miaka saba iliyopita, ratiba ya kazi yangu ya ndegeni imenipeleka São Paulo, Frankfurt, Hong Kong, kila mahali isipokuwa uliko. Januari jina langu likatoka: Perth, mapumziko ya siku mbili. Niliipiga pasi sare yangu mara mbili. Kazini sikumwambia mtu, nisije nikaikosa kwa mdomo wangu.

Tulikuwa tuondoke saa tisa alasiri. Milango ilifungwa, kila mhudumu akawa kwenye mlango wake, na mimi, mkuu wao, nikawa mbele. Mara mbingu ikafunga, radi zikaanza, ndege zote zikaamriwa zingoje. Tulikaa kwenye foleni ya kuruka kwa muda wa karibu saa mbili, watoto wakilia, watu wazima wakiomba maji.

Hujawahi kuona mahali tunapolala sisi wa safari ndefu. Nyuma kabisa, kando ya jiko, kuna ngazi nyembamba. Ukipanda unakuta vitanda sita chini ya dari, kila kimoja na pazia lake, wala hakuna dirisha. Nikilala pale, mkanda juu ya blanketi, huwa nakumbuka godoro lako moja, mimi na Oratile ukutani na wewe upande wa mlango, ili upepo uanzie kwako. Nimelala juu ya bahari ngapi nikikuwaza, sijui.

Lakini kulala huko ni mpaka ndege iwe imeshatulia angani. Ikiwa chini, au inapaa, au inatua, ni marufuku mtu kuwa kule. Likitokea la kutokea, aliye juu hatasikia amri, huenda asiweze hata kushuka, na mlango aliokabidhiwa utakosa wa kuufungua. Kuhakikisha kwamba hakuna mtu kule ni kazi yangu.

Mvua ilipopungua, rubani akatutangazia tukae, zamu yetu imekaribia. Nikapiga simu ya ndani, mlango kwa mlango. Wote waliitika isipokuwa mlango wa nyuma kulia, wa Thuso. Huyu ni kijana wa Rustenburg, mchapakazi, mcheshi, miaka mitatu niko naye. Zodwa, aliyekuwa mlango wa nyuma kushoto, ndiye aliyepokea. Nikamuuliza Thuso yuko wapi.

“Amelala juu, Dada Boikanyo,” akasema kwa sauti ya chini. “Mkewe yuko hospitali siku ya nne, hajafumba jicho. Muache tu, tukishapaa nitamwamsha.”

Nilisikia injini zikibadili sauti. Wakati huo haturuhusiwi kumpigia rubani kwa lolote, asije akapotezwa mawazo, isipokuwa kwa usalama tu. Nilipiga, Mama Mdogo. Kapteni Ngwenya akasimamisha ndege.

Nilienda nyuma karibu kwa mbio, abiria wakinitazama. Nikampata Thuso amelala na viatu vyake, kinywa wazi. Nilimtikisa mara tatu. Aliposhuka akaketi kwenye kiti chake, mikono ikatafuta mkanda upande usiokuwa wake, ikautafuta tena. Nikamfunga mimi, kama mtoto.

Simu ya rubani ikalia. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

“Mkuu, nijibu moja. Anafaa kusafiri au hafai? Ukisema anafaa, tunaondoka sasa hivi.”

Hapo ndipo nilipokuona. Wiki moja kabla, Oratile alikuwa amenipigia akilia. Alisema siku hizi ukisikia jina langu unauliza, Boikanyo ni yupi? Akikwambia, unacheka, unakumbuka, kisha baada ya chakula unauliza tena. Nilijua kila mwezi unaopita unaondoka na kitu. Neno moja, na kesho yake ningeushika uso wako. Thuso alikuwa ameketi, mkanda umefungwa, ananitazama. Kwenye safu iliyokabili mlango wake alikuwepo mama na mtoto amemlalia kifuani. Wao hawakujua lolote.

Nikasema, “Hafai, Kapteni.”

Bila yeye tulikuwa pungufu, na kanuni haituruhusu kuruka. Tukarudi tulikotoka. Mtu wa akiba alipopatikana, saa zetu za kazi zilikuwa zimeliwa na ile foleni, wakaita kikosi kingine kizima. Nilisimama dirishani mle jengoni nikaitazama ndege ikiinuka na kuingia mawinguni bila mimi. Thuso alipita nyuma yangu na begi lake.

“Ungesema ndiyo tu, Dada,” akasema. “Neno moja.”

Hakujua kwamba na mimi nilikuwa na mtu wangu. Niliingia chooni nikafungua bomba nisisikike.

Kazini hawakumfukuza. Nilikuwa nimeandika kwenye ripoti kwamba kosa ni lake, lakini pia kwamba hakuna aliyemuuliza kama amepata usingizi siku hizo. Alipewa wiki tatu nyumbani na onyo. Mkewe amepona, Mungu ashukuriwe. Jumanne tulikutana ngazini. Alinipokea begi, akanifikishia juu, akaenda zake.

Mjomba Sello nilipomsimulia alitafuna kwanza, kisha akasema kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha ukaidi huo, kwa hiyo usilalamike. Nami sijuti. Ila nikiwa kitandani kule juu naligeuza lile neno, nalisema lile lingine kimoyomoyo, kisha naiona sura yako ikinitafuta kati ya wageni, na usingizi unaruka.

Ratiba ya Perth siisubiri tena. Nimeomba likizo, nimepewa ya kuanzia tarehe mbili Aprili, nami nitakuja kama abiria. Oratile, dada yangu, wewe unayemsomea barua hii, hapa msomee taratibu, na akikusahaulisha ulipofika, anza upya.

Mama Mdogo, nisalimie mapacha wa Oratile, mwambie na mkwe wetu kwamba namheshimu kwa jinsi anavyokutunza. Mjomba, Zodwa na akina mama wa kanisani wote wanakusalimu. Mungu akulaze salama, akuamshe salama, na mvua ya kwetu ikufuate huko uliko.

Nitakapofika, Mama Mdogo, ukiliona jina langu limekupotea, usione haya. Niite lolote litakalokujia. Nitaitika.

Mwanao akupendaye na kukuwaza,
Boikanyo